Saa Iliyonukia Moshi wa Jikoni

Elihuruma alikuwa mwongo wa kuaminika. Ukimpa jambo dogo la kusimulia, ulijua kwa hakika kwamba litarudi limenenepa. Mbuzi aliyepotea Jumatatu alikuwa ng'ombe ikifika Jumatano, na Jumapili, nje ya kanisa, alikuwa nyati, na Elihuruma mwenyewe ndiye aliyemshika pembe. Hakuwahi kumdhulumu mtu kwa uongo wake, wala hakupata faida yoyote. Alidanganya kama wengine wanavyopiga mluzi njia ikiwa ndefu.

Kwa miaka ishirini na saba alikuwa mtunza stoo katika kiwanda kimoja cha serikali pale mjini Arusha, mpaka serikali ilipochoka na viwanda ikaanza kuviuza kimoja kimoja. Akapewa cheti, blanketi na mkono wa kwaheri. Kwa maelezo yake yeye, meneja alilia. Kwa maelezo ya wengine waliokuwepo, meneja alikuwa na mafua.

Mkewe, Aikaeli, alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Yeye ndiye aliyeshika funguo za stoo ya sufuria za umoja wa wanawake kanisani, na akisema kikao ni saa nane, wenye saa mkononi walizirekebisha. Katika miaka thelathini na minane ya ndoa alikuwa amepata namna ya kuishi na simulizi za mumewe bila kuchafua kinywa chake. Watu wakimgeukia na kumwuliza, "Mama Godbless, ni kweli haya?" alijibu maneno yale yale, kwa sauti ile ile, huku akikaza khanga yake kiunoni:

"Ndivyo alivyoniambia."

Hakuna aliyeweza kumlaumu kwa jibu hilo, na hakuna aliyeweza kulitumia kama ushahidi.

Walikaa mtaa wa Kwa Mrombo, kwenye jua na vumbi, lakini kusali walipanda hadi kanisa la juu, mbele ya Sakina, kwenye migomba na kahawa. Aikaeli alibatizia watoto wake wote pale, na hakuona sababu ya kumsumbua Mungu kwa anwani mpya. Huko ndiko mambo yalikoharibikia, Jumapili moja ya mwezi wa nne, mwaka wa tisini na nne, baada ya ibada, wakati wa matangazo.

Saa ya ukutani ya kanisa ilikuwa imekufa. Mzee Solomoni, mzee wa kanisa aliyekuwa pia dalali wa mnada wa sadaka, yule anayenadi kuku na mikungu ya ndizi nje ya mlango kila Jumapili, alisimama akasema jambo la busara.

"Siku hizi saa za plastiki kutoka Dubai zimejaa sokoni kama dagaa. Zamani tulizipangia foleni, leo zenyewe zinatufuata barabarani. Tununue moja, yaishe."

Yangeisha. Lakini Elihuruma alikuwa amekaa kimya tangu wimbo wa kwanza, na kimya kirefu hakikumfaa kiafya. Akasimama.

"Wapendwa, nyumba ya Bwana kuwekewa plastiki? Mimi kule kiwandani nilitengeneza saa ya mbao tupu. Haina msumari hata mmoja. Mjerumani aliyekuja kufunga mashine alipoiona alivua kofia."

"Na iko wapi hiyo saa, Mzee Elihuruma?" aliuliza Solomoni.

"Mchwa. Lakini iliendelea kutembea hata wakiwa ndani wanakula. Ilisimama walipomaliza."

Kanisa lilianza kucheka kabla hajafika neno la mwisho. Hilo halikuwa jambo jipya. Kumcheka Elihuruma kulikuwa karibu sehemu ya liturujia. Solomoni alijifuta machozi, akageukia upande wa akina mama.

"Mama Godbless, unasemaje wewe? Ni kweli?"

Wote walingoja. Wengine walianza kabisa kutamka lile jibu kwa midomo, bila sauti. Aikaeli akasimama, akakaza khanga.

"Jumapili ya mavuno," alisema, "saa itakuwa kwenye ukuta ule. Ya mbao. Atakuwa ameitengeneza yeye kwa mikono yake, na itakuwa inatembea."

Akakaa. Kicheko kilikatika kama redio umeme unapokwenda. Elihuruma naye aligeuza shingo, akatazama nyuma, aone ni mume gani huyo anayezungumziwa.

Njiani kuteremka walitembea hadi karibu na lami. Mwishowe Elihuruma akashindwa kuvumilia.

"Mama Godbless, kwa nini umesema vile?"

"Walicheka."

"Wanacheka siku zote."

"Leo walianza kabla hujamaliza." Aikaeli alihamisha Biblia kutoka kwapa moja hadi jingine. "Na wewe, unajua kutengeneza saa?"

"Yule Mjerumani..."

"Baba Godbless."

"Sijui," alisema Elihuruma. Tangu siku ya harusi hakuwahi kutoa jibu fupi namna hiyo.

Sasa, neno lake mwenyewe Elihuruma alikuwa amelimaliza zamani. Hata angeahidi kwamba jua litachomoza kesho, watu wangebeba miavuli. Yeye hakuwa na cha kupoteza. Lakini neno la Aikaeli lilikuwa zima, halina ufa, na sasa lilikuwa limening'inizwa kwenye ukuta wa kanisa mbele ya watu mia tatu. Mpaka Jumapili ya mavuno ilikuwa imebaki miezi mitatu na siku chache.

Alianza kwa kuomba ile saa iliyokufa, kwa uchunguzi. Alipofungua mgongo wake, springi iliruka, ikapita dirishani, na kuku mmoja akaikimbilia. Kilichobaki akakitandaza juu ya gunia akakitazama siku mbili. Siku ya tatu alielewa. Ndani ya saa kuna nguvu inayotaka kutoka yote kwa mara moja, na kuna kipande kidogo chenye makucha mawili kinachoikatalia. Kucha moja linaliachia gurudumu jino moja, jingine linalidaka linalofuata. Moja, ngoja. Moja, ngoja. Elihuruma alikitambua kipande kile mara moja. Kilikuwa ni yeye. Miaka ishirini na saba alisimama mlangoni, nyuma yake bidhaa zote zikitaka kutoka, na yeye anatoa moja, anaandika, anatoa moja, anaandika. Akakipa jina: Mtunza Stoo. Badala ya springi aliamua kutumia jiwe la kilo nne lililofungwa kamba, maana jiwe halirukii kuku.

Saa ya kwanza aliitengeneza kwa maboksi ya sabuni, ili kujaribu tu. Aliyagundisha magurudumu yake kwa uji mzito wa muhogo, akayapitishia spoki za baiskeli, akaitundika barazani. Ilitembea. Ilitembea kwa dakika ishirini nzima, na yeye akaita watu.

Wa kwanza kufika alikuwa Koikai, jirani yake, aliyekuwa akiuza ng'ombe mnadani mpaka siku alipogundua kwamba saa za Dubai hazinywi maji wala haziugui. Sasa alikuwa na kibanda sokoni kilichojaa saa, redio na tochi. Alisimama mbele ya ile saa ya maboksi, akainamisha kichwa kushoto, kisha kulia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Koikai. Unaonaje?"

"Naona mishale inarudi nyuma."

Ilikuwa inarudi nyuma kweli. Elihuruma hakuwa amejua kwamba gurudumu moja likizunguka kulia, linalogusana nalo linazunguka kushoto, na kwamba lazima uhesabu magurudumu yako kabla ya kuita watu. Lakini hakukosa la kusema.

"Hii nimewatengenezea wale wanaokumbuka zamani," alisema. "Ukiitazama mpaka jioni, unarudi kwenye foleni ya sukari."

"Basi niite ikifika siku zile ng'ombe wangu walikuwa hai," alisema Koikai, akaenda zake akicheka mpaka mwisho wa uchochoro.

Asubuhi yake Elihuruma hakuiona ile saa. Alimkuta Aikaeli jikoni, kwenye kibanda cha nyuma chenye mafiga, chai inachemka.

"Mama Godbless, kulikuwa na kitu barazani."

"Boksi? Kuni zilikuwa na umande."

"Ile ilikuwa saa."

Aikaeli aliutazama moto. "Ilikuwa inasema saa ngapi?"

Elihuruma akamimina chai, akanywa.

Saa ya pili ilikuwa ya mbao ya paini, na safari hii aliongeza gurudumu ili mishale iende mbele. Kwanza meno yalikatika. Yalikatika upande mmoja na upande wa pili, mahali ambapo nyuzi za mti zinapita zikilikata jino kwa ubavu. Ukiligusa tu, linabanduka kama biskuti. Akayachonga upya. Kisha kamba ikakatika na jiwe la kilo nne likaanguka juu ya kidole chake gumba cha mguu. Jumapili iliyofuata alipanda kanisani akichechemea.

"Mguu umefanyaje, mzee mwenzangu?" aliuliza Solomoni.

"Tembo. Nilikuwa nimepita Momella kumwona mtu. Alinikanyaga kwa bahati mbaya, na akaona aibu sana."

Solomoni akamgeukia Aikaeli kwa mazoea tu.

"Ndivyo alivyoniambia," alisema Aikaeli.

Kamba na kidole vilipopona, saa ya pili ilianza kutembea, lakini ilichelewa dakika mbili kila saa. Elihuruma aliiweka redio kando yake, na kila ile milio ya kutangaza saa ilipolia aliilaumu redio. Alisema watangazaji wa siku hizi wana haraka, kila kitu ruksa, mpaka muda wanauza kwa jumla. Siku ya nne Aikaeli alitoka na bakuli la maharage, akaketi mbele ya lile gurudumu linalodakwa na Mtunza Stoo, akaweka harage moja kwenye kila jino. Alipozunguka lote aliyakusanya maharage akayahesabu.

"Ulitaka mangapi?"

"Thelathini."

"Ni thelathini na moja."

Mtunza stoo wa miaka ishirini na saba, aliyepokea na kutoa maelfu ya mifuko bila kupotea hata mmoja, alikuwa amesahau kulihesabu jino la kwanza. Aliligeuza lile gurudumu upande wa pili. Kisha akasema kwamba hilo la thelathini na moja aliliweka la akiba.

Saa ya tatu ndiyo iliyokuwa saa. Alikwenda kwa seremala mmoja Sakina, akaokoteza vipande vya mbao ya loliondo, ile nzito inayokaa karne, akavikata mithili ya vipande vya keki na kuviunga kwa gundi, ili nyuzi za mti zielekee nje kwenye kila jino. Alichonga kwa patasi, akapiga msasa mpaka vidole vikapoteza alama. Alihesabu meno kwa maharage. Timazi, ile fimbo inayoning'inia na kuyumba ili kumpa Mtunza Stoo mwendo wake, aliipachika kopo la maziwa lililojaa mchanga. Alijifunza kwamba kopo likipanda saa inakimbia, likishuka inachelewa, na alipandisha na kushusha kwa wiki mbili, upana wa ukucha kila mara. Katikati ya mwezi wa saba saa ilitembea siku tatu mfululizo, bega kwa bega na redio. Elihuruma aliketi mbele yake kwenye kigoda na, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakuona haja ya kuongeza kitu.

Jumamosi, wiki moja kabla ya mavuno, aliifunga kwenye shuka, wakaipandisha kanisani yeye na Solomoni, wakaitundika. Ilipiga tak, tak, tak kwenye kanisa tupu. Solomoni hakusema neno, na kwa Solomoni hiyo ilikuwa sifa.

Asubuhi ya Jumapili Elihuruma alifika kabla ya mtu yeyote. Ilikuwa ile miezi ambayo Mlima Meru haujitokezi kabisa, na ukungu ulikuwa umeingia kanisani kabla ya washarika. Saa ilikuwa imesimama. Alilisukuma timazi, likayumba mara tatu kwa adabu, likatulia. Alipojaribu kulizungusha gurudumu kwa kidole, lilikuwa limekaza kama kifuniko cha kopo la rangi.

"Imesimama," alisema Solomoni nyuma yake, akiwa na funguo mkononi.

"Imepumzika. Safari ya kupanda huku si ndogo."

Waliishusha kabla watu hawajaingia. Nyumbani Kwa Mrombo, baada ya mchana mmoja wa jua, ilianza kutembea yenyewe, bila kusukumwa, kana kwamba inamcheka. Hapo ndipo alipoelewa. Kule juu mbao ilikunywa ukungu usiku kucha na meno yakavimba kama maharage yaliyolowekwa. Alikuwa ametengeneza saa nzuri sana ya Kwa Mrombo.

Jumatatu alipaka vanishi. Ikanata. Jumanne alikwangua vanishi. Jioni hiyo Koikai alikuja, akaketi, akakitazama kile kidonda cha saa juu ya meza, kisha akatoa kwenye mfuko saa ya plastiki ya kijani yenye picha ya tausi.

"Mzee, mimi sikucheki leo. Chukua hii. Ukifungua mgongo, kuna kidude cheusi, kidogo kama kiberiti. Kitoe, ukipachike nyuma ya mbao zako. Betri moja tu. Timazi liache liyumbe pale chini kwa mapambo. Nani atapanda ukutani kuchungulia?"

"Nitaifikiria," alisema Elihuruma, ambaye alikuwa ameshaifikiria mara mbili siku hiyo kabla Koikai hajafika.

Jumatano asubuhi alikwenda kwenye meza yake ya kazi na kukuta fremu, mishale, Mtunza Stoo na jiwe. Magurudumu yote matano hayakuwepo.

Alitafuta chini ya meza, kisha chini ya kitanda, na mpaka kwenye banda la kuku. Aikaeli alikuwa ameshaondoka. Wiki ile akina mama walikuwa wanaandaa kanisa na sufuria za mavuno, wanapanda alfajiri na kurudi jua likizama. Mwishowe Elihuruma alifika kwenye mlango wa kibanda cha jiko. Moto ulikuwa umeachwa unafuka taratibu, na moshi wake ulikuwa na harufu asiyoijua. Akaukumbuka ule moto wa maboksi. Akarudi, akaketi.

Hakumwuliza mkewe Jumatano jioni, wala Alhamisi. Mtu aliyesimulia jinsi alivyomtazama simba machoni hadi simba akainama hakuweza kumwuliza mwanamke mmoja swali moja, kwa sababu aliliogopa jibu.

Ijumaa mchana, nyumba ikiwa tupu, alitoa ile saa ya tausi uvunguni na kuchukua bisibisi. Kidude cheusi kilitoka bila shida. Kikaingia nyuma ya fremu ya loliondo kana kwamba mti ule ulipandwa kwa ajili yake. Alipachika mishale ya mbao, akatia betri, akaisimamisha saa ukutani. Ilitembea. Haikutaka jiwe, wala msasa, wala miezi mitatu. Ilikuwa nzuri, hata yeye akaikubali.

Akaanza kuisimulia kichwani, kama kawaida yake. Akajiona Jumapili, amesimama, watu wamenyamaza. Akamwona Solomoni akigeuka: Mama Godbless, ameitengeneza yeye? Na hapo simulizi ilikwama. Maana lile jibu la miaka yote Aikaeli hangeweza tena kulitumia. Alishalivuka siku ile aliposimama. Ingembidi aseme ndiyo, mbele ya watu mia tatu, akikaza khanga, na uongo wa kwanza wa maisha yake ungetoka kinywani mwake bila yeye kujua, umewekwa mle na mumewe. Elihuruma alikuwa amedanganya kwa kinywa chake mwenyewe tangu ujana, na hakuona kosa. Ni sufuria yake, apike atakacho. Kupika kwenye sufuria ya Aikaeli hakuwahi.

Akaitoa betri. Kisha kidude.

Aikaeli aliporudi jioni, alimkuta ameketi kwenye kigoda, tausi mapajani.

"Mama Godbless, kaa kwanza."

"Nimechoka, nikikaa sitasimama. Sema."

"Saa haipo. Jumapili nitasimama mimi. Nitasema nilishindwa, na kwamba wewe uliponiamini ulikosea kwa ajili yangu. Nitasema hata ile hadithi ya Mjerumani ilikuwa uongo."

"Hakuwepo Mjerumani?"

"Mjerumani alikuwepo. Hakuvua kofia."

"Alikuwa na kofia?"

"Hakuwa nayo."

Aikaeli aliichukua ile tausi mapajani mwake, akaiweka chini. "Njoo," alisema.

Akampeleka kwenye kibanda cha jiko, akapanda juu ya kigoda, akaingiza mkono darini, juu ya mafiga, mahali anapotundika mahindi ya mbegu. Akateremsha ungo. Ndani ya ungo kulikuwa na magurudumu matano, meusi, yanang'aa kama kichwa cha mtu aliyetoka kunyolewa.

"Mahindi haya yanakaa hapa tangu mavuno mpaka mvua ya kupandia," alisema. "Umewahi kuyaona yamevimba?"

"Sijawahi."

"Na vibuyu vya maziwa vya mama yake Koikai, vingine ni vya bibi yake. Kila siku maziwa ndani, na havivimbi. Wanavifukiza moshi, wanavipaka mafuta. Yeyo huyo, kama wanavyomwita mama kwa Kimaasai, ndiye aliyenipa mafuta haya ya kondoo. Nimeyapaka mara tatu."

Elihuruma alilishika gurudumu moja. Lilikuwa jepesi na kavu, na lilimtia njaa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungewasimulia watu."

Elihuruma akavuta kigoda. Alikaa palepale jikoni, akalinusa gurudumu tena.

Jumamosi waliifunga saa upya wakaipandisha. Usiku ule Elihuruma hakulala, na Jumapili waliingia kanisani yeye na Aikaeli wakiwa wa kwanza, ukungu ukiwa mzito kiasi kwamba msalaba wa juu ya paa haukuonekana. Waliisikia kabla ya kuiona. Tak. Tak. Tak. Ilikuwa imechelewa dakika nne. Elihuruma alipanda kwenye benchi akaisogeza mbele kwa kidole, akashuka akakaa.

Ambalo hakuna aliyelitarajia lilianza katikati ya mahubiri. Kanisa lilikuwa limejaa, watu wamebanana na mikungu yao ya ndizi na magunia ya mahindi, na joto la watu likapanda mpaka ukutani. Mafuta ya kondoo yakapata moto. Harufu ikashuka polepole kutoka juu ya madhabahu, ya moshi na ya kondoo wa kuchoma, ikasafiri benchi hadi benchi. Watu wakaanza kumeza mate. Mzee mmoja aliyekuwa amelala aliamka akatafuta sahani. Mchungaji, mtu aliyejulikana kwa kuhubiri mpaka watoto wanaota ndevu, alisimama katikati ya sentensi. Juu ya kichwa chake saa ilikuwa inagonga kila neno lake, moja, ngoja, moja, ngoja. Aliivuta hewa mara mbili.

"Wapendwa," alisema, "nadhani ujumbe umefika."

Ibada haikuwahi kwisha mapema vile. Kwenye mnada wa nje kondoo wa sadaka waligombaniwa na watu ambao kwa kawaida hununua mayai, na Solomoni alinadi mpaka sauti ikamkauka. Alipomaliza alirudi ndani, watu wakimfuata, akapanda benchi chini ya saa. Alichungulia nyuma yake kushoto, akachungulia kulia, akaingiza kidole. Hapakuwa na betri. Kulikuwa na mbao, kamba na jiwe. Akajinusa kidole, akashuka.

"Mama Godbless," alisema, na safari hii hakutabasamu. "Ameitengeneza yeye?"

Elihuruma alitazama sakafu.

"Nilimwona kwa macho yangu," alisema Aikaeli. "Akiitengeneza mara tatu. Ya kwanza niliichoma mimi."

Hakuna aliyecheka. Solomoni alimpa Elihuruma mkono, akautikisa muda mrefu, na wengine wakapanga mstari nyuma yake. Kama Elihuruma angeliishia hapo, akashukuru, akaenda nyumbani kula ndizi, siku ile ingebaki safi kama ilivyokuwa. Lakini bibi mmoja wa kwaya aliyefika kwenye zamu yake ya kushikana mkono aliinua pua.

"Na huo moshi, mzee, umeutoa wapi?"

Elihuruma akafungua kinywa. Alijaribu kukifunga, na Mungu ni shahidi, alijaribu.

"Ah, moshi," alisema. "Hiyo ni siri ya wale Wajerumani. Yule wa kofia alininong'oneza, siku anaondoka, ndege ikiwa imeshaanza kunguruma. Akaniambia, Elihuruma, kondoo awe dume, na awe amelelewa upande wa mlima unaotazama jua..."

Kanisa zima likamgeukia Aikaeli.

Aikaeli alikaza khanga yake kiunoni.

"Ndivyo alivyoniambia," alisema.